Kizimba cha nyoka hupimwa kwenye viungo

Mtu anayetaka kutengeneza kizimba cha nyoka huanza kwa kuuliza aina ya mbao. Seremala wa Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, au wa Mbinga mjini, hachelewi kumjibu kwa sababu mbao zake anazijua: mninga, mkongo, paina, plaiwudi. Kuanzia hapo mazungumzo huhamia kwenye bei na unene, na kinachotoka karakana huwa kabati zuri lenye wavu mbele. Naamini swali hilo huulizwa mapema mno. Nyoka hatafuni ubao kama panya wala hachimbui kwa kucha. Kazi yake ni kupapasa kwa pua na ulimi, usiku baada ya usiku, akitafuta mahali ambapo vitu viwili vimekutana vibaya: mlango na fremu, kioo na ubao, wavu na msumari. Ukuta unaweza kuwa wa mninga wa inchi mbili na kizimba bado kisifae kitu. Kwa hiyo anayechagua vifaa aanzie kwenye viungo na matundu, afuatie kile kitakachogusa ngozi ya mnyama na hewa atakayovuta, na ugumu wa ukuta auweke mwisho kabisa.

Ushahidi mzito wa jambo hili ulitokea mbali sana na Ziwa Nyasa, ingawa nyoka aliyehusika asili yake ni bara letu. Agosti 2013, katika mji mdogo wa Campbellton, jimbo la New Brunswick nchini Kanada, chatu wa Afrika mwenye uzito wa zaidi ya kilo 20 alitoka kwenye kizimba chake ndani ya nyumba iliyokuwa juu ya duka la wanyama. Kuta za kizimba hazikubomoka wala kioo hakikupasuka. Chatu alipita kwenye bomba la hewa ambalo kifuniko chake hakikuwa mahali pake, akatambaa darini mpaka dari ikalemewa, akaangukia chumba walimolala watoto wawili wa kiume wa miaka 4 na 6. Wote wawili walikufa. Mmiliki wa nyoka alishitakiwa, na mwaka 2016 mahakama ikamwachia huru, lakini kilichojitokeza katika kesi ile kinatosha kumfundisha fundi yeyote: fedha na nguvu zilizowekwa kwenye kuta hazikusaidia lolote mbele ya tundu moja lisilozibwa. Chatu wa Nyasa ni wa jamii ya kusini, ndugu wa karibu wa yule wa Campbellton, na tabia ya kutafuta upenyo wanaishiriki.

Nani basi anahitaji kizimba Mbamba Bay? Ufugaji wa nyoka kama burudani ya nyumbani si desturi ya Wanyasa wala Wamatengo, na sioni sababu ya kuuhimiza. Mahitaji halisi ni mengine. Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, ina mito, mashamba ya mpunga na miamba ambamo chatu, moma, swila na koboko huishi jirani na watu. Nyoka anapoonekana kwenye ghala au bwenini, mtu aliyefunzwa kumkamata anahitaji mahali salama pa kumweka mpaka maofisa wa wanyamapori wamhamishe. Shule inayofundisha biolojia, au bustani ya wageni watokao kuoga ufukweni, inaweza kuomba kibali cha kuonyesha nyoka asiye na sumu. Kibali ni lazima, kwa kuwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kumkamata na kumweka mnyama wa porini kwa hiari yake. Chatu pia yumo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini.

Wako watakaosema kwamba mjadala huu wote hauna maana kwa sababu nyoka ni wa kuuawa. Hofu yao ina msingi. Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa mwaka 2017, na linakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka duniani. Dawa iliyotegemewa katika nchi nyingi za Afrika, Fav-Afrique, iliacha kutengenezwa mwaka 2014. Hata hivyo anayemfuata nyoka na fimbo amejisogeza mwenyewe kwenye umbali wa kuumwa, na nyoka anayeuawa kwenye ghala huacha nyuma yake panya wanaokula mahindi. Upande wa sumu nina msimamo mmoja nisioupunguza: moma, swila, koboko na wenzao hawana nafasi katika nyumba ya mtu binafsi, hata kizimba kiwe bora namna gani, kwa sababu kosa la mkono mmoja pale mlangoni halirekebishwi na ubao. Yanayofuata yanahusu chatu, nyoka wa nyumba na wengine wasio na sumu, wanaowekwa kwa kibali.

Viungo vya kizimba vitadumu kwa muda gani, hilo linaamuliwa na hewa ya ziwa. Ziwa Nyasa liko takribani mita 475 juu ya usawa wa bahari, na barabara inayotoka Mbamba Bay kwenda Mbinga, kama kilomita 66, hupanda mpaka nyanda za Umatengo zilizo juu ya mita 1,200. Kwa kawaida joto hupungua nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo kizimba kinachofaa ufukweni hakifai Mbinga bila mabadiliko. Ufukweni adui ni unyevu na jua. Mlimani, hasa Juni na Julai, adui ni baridi, kwa sababu nyoka hawezi kuutia mwili wake joto kutoka ndani na asipopata mahali penye nyuzi 30 hivi chakula humwozea tumboni. Ubao nao hubadilika na majira. Masika hunywa unyevu na kutanuka kwa upana, kiangazi pepo za mwera zinapovuma hukauka na kusinyaa. Ubao wa paina wenye upana wa sentimita 20 unaweza kucheza milimita 2 hadi 4 kati ya msimu na msimu. Kwa mlango wa choo hilo ni usumbufu mdogo. Kwa mlango wa kizimba, ambapo mbao mbili zinasinyaa zikipeana mgongo, ni upenyo wa kumtosha mtoto wa nyoka wa nyumba, ambaye unene wake haupiti penseli.

Hapa ndipo sifa ya mninga inapoingia, na ni sifa tofauti na ile inayotajwa sana. Watu husifia ugumu na rangi yake. Kinachomfaa mtengeneza kizimba ni kwamba mninga husinyaa kidogo sana kuliko mbao nyingi, ndiyo maana ulipendwa kwa milango, samani na mitumbwi. Mtu anayelalamika kwamba mninga ni ghali, na kwamba kuukata kunahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, yuko sahihi, na sidhani kizimba kizima kiwe cha mninga. Fremu ya mlango na mlango wenyewe ndivyo vinavyostahili gharama hiyo, pengine kwa mabaki ya karakana ya samani, kwa maana mapande ya mita moja yanayotupwa pembeni yanatosha. Kuta, sakafu na paa vinaweza kuwa vya kitu kingine cha bei nafuu. Seremala akumbuke tu kwamba vumbi la mninga na la mvule huwasha pua na kifua, hivyo msasa upigwe nje ya chumba na kizimba kifutwe kwa kitambaa kibichi kabla ya kutiwa rangi.

Sasa tufike kwenye hatari ninayoiona kubwa kuliko zote, na ambayo huzungumzwa kidogo mno. Paina ndiyo mbao ya bei nafuu kusini mwa Tanzania, kutoka Sao Hill, Njombe na mashamba ya miti ya watu binafsi, na sehemu kubwa ya paina inayouzwa kwa ajili ya paa imetiwa dawa ya kuzuia mchwa na kuoza. Dawa inayotumika sana Afrika Mashariki, kwenye nguzo za umeme na mbao za kenchi, ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Ndiyo inayoupa ubao rangi ya kijani iliyofifia. Juu ya paa haina ubaya kwa mwenye nyumba. Ndani ya kizimba mambo ni mengine kabisa, kwa kuwa nyoka hulala juu ya ubao ule kwa miezi, tumbo likiwa limegusana nao mchana na usiku, hunywa maji yaliyomwagika juu yake na kuulamba kila anaponusa. Nchini Marekani viwanda viliacha kuitumia dawa hii kwenye mbao za majumbani mwishoni mwa 2003, kwa kuhofia watoto wanaocheza juu ya mbao hizo. Na nyoka anaugusa ubao kuliko mtoto yeyote. Vijijini kuna njia nyingine ya kuzuia mchwa, ile ya kupaka oili chafu ya injini au dizeli, na ubao wa namna hiyo hutoa mvuke kwa muda mrefu katika joto la ufukweni. Nyoka wengi hutegemea pafu moja tu, la kulia, na hawana kiwambo cha kuwasaidia kukohoa. Uchafu ukiingia humo hutoka kwa shida, na ugonjwa wa kifua ni miongoni mwa sababu za kawaida za vifo vya nyoka wafugwao.

Mtu atauliza: kama paina isiyotiwa dawa ipo, tatizo liko wapi? Paina kavu isiyo na dawa inafaa, mradi utomvu umekauka na uso umefunikwa kwa rangi inayofaa. Tatizo ni kuzitofautisha. Ubao uliotiwa dawa ukikaa juani mwaka mzima hupoteza ukijani, na mabaki yanayookotwa kwenye eneo la ujenzi hayana historia. Ushauri wangu ni mkali: ubao ambao asili yake haijulikani usitumike ndani ya kizimba, hata ukitolewa bure. Ukali huohuo uwekwe kwenye maranda. Watu huokota maranda chini ya meza ya seremala na kuyatandaza sakafuni kama matandiko ya kuku, bila kujali kwamba randa ileile ilipita kwenye ubao wa kenchi asubuhi hiyo. Maranda ya mtarakwa na miti mingine yenye harufu kali nayo yaachwe, kwani mafuta yanayofukuza nondo kwenye kabati la nguo ndiyo yanayoumiza njia ya hewa ya nyoka. Maganda ya kahawa, ambayo Mbinga haiyakosi, hushika unyevu na kuota ukungu. Mchanga mzuri wa ufukwe wa Mbamba Bay humezwa pamoja na chakula. Kwa uzoefu wa wafugaji wengi duniani, gazeti la zamani linashinda vyote hivi: linaonyesha kinyesi na utitiri mapema, linatupwa kila linapochafuka, na halina gharama.

Kwa kuta na sakafu, plaiwudi ndiyo jibu langu, kwa sababu nyuzi za tabaka zake zimepishana na kwa hiyo haitanuki kama ubao mzima. Lakini plaiwudi zinatofautiana kwa gundi. Ile ya ndani ya nyumba huachana tabaka baada ya masika moja kando ya ziwa; inayotakiwa ni ya gundi isiyoyeyuka kwenye maji. Kipimo chake hakihitaji maabara: kikatwe kipande kidogo, kichemshwe saa moja au zaidi, kikauke, kisha kijaribiwe kuchanwa kwa kisu. Tabaka zikifunguka, karatasi hiyo ibaki kuwa ya makabati. MDF na chipibodi naziweka kando bila kusita, kwani hunyonya maji kwenye kingo na kuvimba, na gundi zake hutoa formaldehaidi, kemikali ambayo wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka mwaka 2004 kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Kuhusu vipimo, karatasi moja ya plaiwudi ya futi 8 kwa 4 ina baraka fulani. Hukatwa vipande vinne vya sentimita 120 kwa 60: kimoja sakafu, kimoja paa, kimoja mgongo, na cha nne hukatwa katikati kikawa mbavu mbili. Mbele hubaki wazi kwa ajili ya kioo. Kizimba chote, bila kutupa kitu, hutoka kwenye karatasi moja ya milimita 12, na kinamtosha nyoka wa nyumba maisha yake yote.

Mafundi wa mitumbwi wa Mbamba Bay wanajua kuhusu viungo mambo ambayo maseremala wa samani mara nyingi hawajalazimika kuyajua. Chombo kinachokalafatiwa vibaya humwadhibu mwenyewe siku ileile, na kizimba kinahitaji nidhamu hiyohiyo: kingo zilizorandwa mpaka zikutane bila mwanga kupita, gundi ndani ya kiungo, skrubu badala ya misumari kwa kuwa msumari hulegea kila ubao unapocheza, na silikoni kwenye kila pembe ya ndani. Silikoni ya madirisha ya vioo inafaa kama haikuchanganywa na dawa ya kuua ukungu. Harufu yake ya siki iachwe iishe kabisa. Faida ya pembe iliyozibwa haiishii kwenye kumzuia nyoka. Utitiri wa nyoka hunyonya damu, hueneza magonjwa, na hutaga mayai kwenye nyufa ambazo sabuni haifiki. Kizimba chenye nyufa kikiingiwa na utitiri, mara nyingi njia pekee ni kukichoma moto, na hapo mtu aliyetumia mbao za dawa hana hata njia hiyo, kwa sababu moshi wake una aseniki. Uso wa ndani upakwe vanishi ya polyurethane, ya maji ikipatikana, mikono mitatu, sakafuni zaidi. Vanishi ikikauka kwa kuguswa bado haijaiva. Iachwe wiki tatu au nne mahali penye upepo, mpaka mtu akiingiza kichwa ndani mchana wa joto asisikie harufu yoyote.

Kioo kina watetezi wengi, na wanachokipenda ni kweli: hakikwaruziki, hakinyonyi kitu, husafishwa kwa dakika moja, na mtazamaji huona. Wengine hutaka kizimba chote kiwe cha kioo, kama matangi ya samaki. Hesabu ndogo inapinga. Kioo cha milimita 6 kina uzito wa kilo 15 kwa mita moja ya mraba. Kizimba cha vipimo nilivyotaja kingekuwa na kilo 54 za kioo kitupu, wakati plaiwudi ingekaribia nusu ya hapo. Kioo pia hupitisha joto mara kadhaa zaidi ya ubao, hivyo Mbinga huliachia joto usiku. Juani mambo hugeuka: hukamata joto ndani, na nyoka asiye na pa kukimbilia hufa kwa muda mfupi sana. Kioo kikae upande mmoja tu, mbele, kwenye mfereji wa ubao au fremu ya mninga, na kizimba kisielekee dirisha la magharibi. Plastiki ngumu ya kuona, ile ya perspeksi, ni nyepesi lakini hupinda ikipata unyevu upande mmoja na ukavu upande mwingine, na kupinda kwake huacha upenyo penye kingo, mahali palepale tunapopahofia.

Matundu ya hewa ndiyo sehemu ambapo vifaa vya Mbamba Bay vinavyopatikana kwa urahisi ndivyo vibaya zaidi. Wavu wa kuvulia dagaa aina ya usipa upo kila nyumba, na mtu huona matundu yake ni madogo vya kutosha. Nyoka akiingiza kichwa kwenye uzi, magamba yake yanayoelekea nyuma humzuia kurudi, naye hujinyonga au kujikata. Wavu wa chandarua huchanika kwa kusuguliwa. Wavu wa kuku una matundu makubwa kwa nyoka wadogo, na kwa wakubwa humenya ngozi ya pua mpaka vidonda viingie mdomoni, kwani nyoka anayeona nje hurudia kusukuma mahali palepale. Kifaa bora kipo kwenye mashamba ya Mbinga: waya mwembamba wa chanja za kuanikia kahawa, wenye matundu madogo na nyuzi ngumu. Usiwekwe ndani. Ubao utobolewe mistari ya matundu ya milimita 5 au 6, yapigwe msasa yawe laini, kisha waya ufungwe kwa nje na ubanwe pande zote kwa ubao mwembamba na skrubu. Pua ya nyoka hukutana na ubao laini, na akisukuma, waya upo. Mistari iwe miwili, mmoja chini upande wa baridi na mwingine juu upande wa joto, ili hewa itembee yenyewe. Wale wadudu wadogo waitwao kungu, wanaopaa kama moshi juu ya ziwa, nao hupunguzwa na waya huo, jambo lenye uzito mahali ambapo taa ya joto ndani ya kizimba huwaita kwa maelfu. Taa yenyewe iwe ndani ya kikapu cha waya, maana nyoka hujizungusha kwenye kitu cha moto na kuungua bila kukiacha.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote linatoka kwa watu wa plastiki. Wanasema: kontena lenye mfuniko wa kubana linauzwa sokoni, halina kiungo hata kimoja, halioti ukungu, halina aseniki, na bei yake haifikii robo ya kizimba cha ubao; kama hoja ni viungo na uso, plastiki imeshinda. Nakubali karibu yote. Kwa nyoka mdogo, kwa mgonjwa anayetengwa, kwa aliyekamatwa bwenini akisubiri gari la maofisa, kontena la plastiki lililotobolewa vizuri linazidi kizimba cha ubao kilichotengenezwa ovyo. Hata katika kusafirisha, kanuni za shirika la usafiri wa anga, IATA, humtaka nyoka awe kwenye mfuko wa nguo ndani ya sanduku imara lenye matundu. C.J.P. Ionides, aliyeishi Liwale na Newala akikamata nyoka kwa ajili ya makumbusho na bustani za wanyama mpaka alipofariki mwaka 1968, alijenga kazi yake yote juu ya uwezo wa kumweka nyoka salama kwa muda. Muda ndio mpaka wa plastiki. Mfuniko hubanwa kwa masikio mawili ya pembeni, na chatu wa mita moja na nusu huyafungua kwa kusukuma katikati. Kwa taa ya joto plastiki hulainika. Na kwa mwanga wa jua la miaka miwili hukatika kama biskuti. Plastiki iwe ya siku na wiki, na isipewe kazi ya miaka.

Chatu mkubwa naye anavuka uwezo wa ubao. Wa kusini hufikia mita 4 na zaidi, na kizimba chake ni chumba. Hapo tofali la kuchoma, lipu ya saruji iliyosuguliwa na kioo kinene mbele ndivyo vifaa vya kweli. Bustani za nyoka za Afrika Mashariki zilizodumu zimejengwa kwa msingi huo wa ukuta laini na kioo: ile ya Nairobi iliyo jirani na Makumbusho ya Taifa, Bio-Ken ya Watamu aliyoianzisha James Ashe mwaka 1980, na Meserani karibu na Arusha. Saruji mpya ina ukali unaochubua ngozi, hivyo ioshwe kwa maji mara nyingi na iachwe mwezi mzima kabla ya mnyama kuingia. Mawe ya ufukweni yanafaa kwa nyoka kujikwaruzia anapojivua ngozi, lakini yawekwe juu ya sakafu yenyewe na kushikizwa, kwa maana nyoka huchimba chini ya jiwe lililokaa juu ya udongo na jiwe humwangukia.

Ukubwa nao umewahi kuchukuliwa kama jambo la hiari, kwa imani kwamba nyoka hujikunja tu na hahitaji nafasi. Utafiti ulioongozwa na Clifford Warwick, uliochapishwa mwaka 2019, ulitazama nyoka waliokuwa kwenye vizimba na kukuta kwamba zaidi ya theluthi moja walijinyoosha au karibu kujinyoosha kabisa ndani ya saa moja ya kutazamwa, pale walipopewa nafasi. Kwa hiyo kizimba kifupi kuliko mnyama ni kosa la fundi, na nyoka aliyebanwa husukuma kila kiungo kwa bidii zaidi. Mtu asiye na nafasi ya mita 3 kwa chatu wa mita 3 asiombe kibali chake. Hilo linapunguza idadi ya watu wanaofaa kuwa na chatu Mbamba Bay, na naona ni sawa ipungue.

Mlango ufunguke mbele, kwa kuwa mkono unaotoka juu humtisha nyoka kama anavyotishwa na ndege wa mawindo. Uwe na bawaba tatu, komeo na kufuli, na ufunguo ukae kwa mtu mmoja anayejulikana. Kizimba kikiwa tayari kiachwe kitupu wiki mbili, kipimajoto kikiwa ndani upande wa joto na kingine upande wa baridi, vikisomwa alfajiri na saa nane mchana. Kisha usiku taa zote za chumba zizimwe, tochi kali iwashwe ndani ya kizimba, mlango ufungwe, na fundi azunguke akitazama wapi mwanga unatoka nje ya matundu ya hewa. Panapotoka, pana kazi ya silikoni au ya randa. Kipimo hicho kirudiwe kila masika yanapoanza na kila kiangazi kinapoingia, kwa sababu ubao utakuwa umebadilika na skrubu za mlango zitahitaji kukazwa upya.